Kabati la nguo 24: shajara ya mradi, Dar es Salaam, Juni hadi Agosti

Lengo: mwanamke mwenye kazi ya ofisini maeneo ya Posta, anayepanda daladala mara mbili kwa siku, mwenye shughuli za kifamilia wikiendi na sherehe moja au mbili kwa mwezi, abaki na nguo 24 zinazovalika zote. Viatu, mitandio, nguo za ndani na za kulalia hazimo kwenye hesabu. Fasheni ya mwaka huu inakaribishwa, ila ikaguliwe mlangoni kwanza.

Kwa nini 24 na si saba? Mwaka 1985 Donna Karan alianza New York kwa mkusanyiko wa vipande saba vinavyoingiliana, na wazo hilo limezunguka dunia hadi leo. Lakini kwa jasho la Pwani nguo huvaliwa mara moja ikaenda kufuliwa. Saba zingekwisha kabla ya Ijumaa.

Wiki ya 1: Kuhesabu

Nguo zote zimetolewa na kumwagwa kitandani. Jumla 58. Mafungu manne: zilizovaliwa ndani ya siku 30 zilizopita (17), zisizotosha kabisa (14), zinazohitaji fundi (11), na nzima zilizokaa tu (16).

Kosa linaloharibu hatua hii ni kupanga kwa swali la "naipenda?" Kila nguo inapendwa ikishikwa mkononi. Swali la kazi ni kama imevaliwa. Kama haijavaliwa, andika sababu kwa maneno mawili matatu na ubandike kwenye nguo: inabana, inaonyesha, inachoma, haina mwenzake, imefubaa. Sababu itakayojirudia ndiyo mradi wenyewe.

Hapa iliyojirudia ni "haina mwenzake", mara 9 kati ya zile 16. Blauzi za maua, sketi za maua, gauni za maua. Za rangi moja mbili tu, zote nyeusi. Shida haikuwa uchache wa nguo za kupendeza. Zilikosekana nguo tulivu za kuzibeba zile za maua.

Zile 17 ndizo zinazoeleza mtindo wa mtu. Mtindo unasomeka kwenye tenga la nguo chafu kuliko kwenye picha zilizohifadhiwa simuni. Zilizorudi kwenye tenga zaidi ya mara tatu kwa mwezi zilifanana mambo matatu: shingo ya V, kiuno kinachoonekana bila kubanwa, na rangi za udongo na kijani iliyokolea. Hakuna hata moja yenye kola ya kufunga shingoni, ingawa picha zilizohifadhiwa simuni nusu yake ni za kola hizo. Tenga likipingana na simu, tunafuata tenga.

Kati ya hizo 17, nne zimechakaa kwapani na zimekuwa za kushindia nyumbani, nje ya hesabu. Zimebaki 13. Viango vyote vimegeuzwa kulabu ikitazama nje. Nguo ikivaliwa, kiango kinarudishwa upande wake wa kawaida. Hesabu ni wiki ya 10.

Wiki ya 2: Vipimo

Futikamba, shumizi nyepesi, kioo, na mtu wa pili wa kupima. Ukijipima mwenyewe mkono hunyanyuka, na bega na kifua hutoa namba za uongo.

Kwa sentimita: kifua 94, kiuno 76, hipsi 104 akisimama na 108 akikaa. Hicho cha kukaa ndicho wengi hawapimi, ndiyo maana sketi nyingi hupendeza kwa fundi zikapasuka kwenye kiti cha daladala. Urefu kutoka kiunoni hadi sakafuni umechukuliwa mara mbili, akiwa na kobazi na akiwa na kiatu cha sentimita 5, kwa sababu suruali moja haiwezi kuvalia visigino viwili tofauti.

Kwa kitambaa kisichovutika, nguo iliyoshonwa izidi mwili sentimita 4 hadi 6 kifuani na 2 kiunoni. Hipsi zifuate kipimo cha kukaa na ziongezwe 2. Ukisema "ibane kidogo" bila namba, fundi ataondoa nafasi yote, kwani kwake hilo ni agizo.

Lebo zisitegemewe. Namba 8 ya Marekani ni 12 ya Uingereza, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia, na hapo hujaongeza kwamba kila kiwanda kina 12 yake. Kwenye mtumba nguo imeshafuliwa na kusinyaa mara nyingi. Ilaze, pima kiuno chake, zidisha kwa mbili.

Wiki ya 3: Kuchuja fasheni

Masharti matatu: ivumilie joto, ipande daladala, na iwe na wenzake watatu miongoni mwa nguo 13 zilizobaki.

Suruali pana, bwanga: imepita. Kitambaa kisichogusa paja hupitisha hewa, na hiyo ni sababu tosha hata fasheni ikibadilika kesho. Kiwe kizito kiasi cha kuning'inia, maana kitambaa chepesi hujikunja katikati ya miguu kikageuka sketi iliyopotea njia. Upindo uishie sentimita 1 hadi 1.5 juu ya ardhi, kiatu kikiwa mguuni. Modo mbili, suruali za kubana, zilizomo kabatini zinabaki. Shati refu bado linazihitaji.

Jinzi zilizovimba magotini kama pipa kisha zikabana kifundoni: hazikupita. Umbo lile linategemea kitambaa kigumu kizito, na kitambaa hicho saa saba mchana hakivumiliki.

Seti, yaani blauzi na sketi au suruali za kitambaa kimoja: imepita kwa alama za juu. Ukivaa pamoja ni vazi la sherehe. Ukitenganisha, kila kipande kinaenda kazini na nguo ya rangi moja.

Kahawia: Pantone ilitangaza Mocha Mousse, rangi ya kahawa yenye maziwa, kuwa rangi ya mwaka 2025, na madukani ilifuata kila kivuli cha kahawia. Inaelewana na tenga lililosomwa wiki ya 1. Tahadhari ni karibu na uso: ikilingana kabisa na ngozi, uso na nguo huungana na mvaaji huonekana amechoka. Chagua iliyokolea zaidi ya ngozi au iliyo nyepesi wazi. Jaribu mlangoni kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa za duka.

Njano ya siagi: kwenye mtandio tu. Kwa nguo inadai bitana, na bitana ni joto. Tukiwa hapo hapo: kijivu chepesi na bluu ya mbingu ndizo zinazoonyesha jasho kuliko zote. Nyeupe, nyeusi, bluu iliyokolea na nguo za michoro huficha.

Madoadoa ya duara yamerudi. Yamepita kwa blauzi moja, kila doa chini ya sentimita 1. Madogo hivyo kwa mbali husomeka kama rangi moja, kwa hiyo yanavalika hata na sketi ya kitenge yenye mchoro mkubwa. Makubwa hushindana nayo.

Bleza kubwa: imepita kwa sababu ya kiyoyozi cha ofisini, kwa sharti iwe na bitana nusu au isiwe nayo kabisa.

Sketi ya nguva: haikupita. Hatua ya kupanda daladala inadai mzunguko wa chini usiopungua kama sentimita 110, ama mpasuo wa 25 au zaidi. Mishono mingi ya nguva hubana magotini chini ya hapo. Ni vazi la kushuka kwenye gari mlangoni pa ukumbi, na kwa hilo linapendeza kweli.

Mikono ya puto: nusu. Ziada ya sentimita 8 hadi 10 begani inatosha. Ikifika 20, mkanda wa mkoba huilalia na kufikia ofisini mkono mmoja umevimba, mwingine umelala.

Wiki ya 4: Soko la mitumba la Karume

Mtumba, vitu viwili: suruali pana na bleza. Belo likifunguliwa asubuhi uchaguzi ni mkubwa na bei iko juu. Jioni bei hulegea, lakini kilichobaki ni kile ambacho wote waliopita wamekikataa. Kwa nguo ya kurekebishwa, asubuhi inalipa.

Vaa taiti na fulana ya kubana ili uweze kujaribishia juu yake. Ukaguzi unaanza kwapani, unafuata pale miguu ya suruali inapokutana, kola, zipu, kisha bitana. Mwisho inua nguo kuelekea angani, matundu ya nondo yajionyeshe. Ukiona mng'ao kwenye viwiko au makalio, ni pasi kali au msuguano umelaza nyuzi, mara nyingi hautoki kabisa, usidanganyike.

Suruali imepatikana upande wa wanaume. Suruali za suti za kiume hukatwa pana, kitambaa chake ni kizuri, na nyuma kiunoni huachwa akiba ya mshono. Kanuni ya kuchagua: hipsi zitoshe. Kiuno kinapunguzwa, hipsi hazipatikani pasipo akiba. Hii ina 43 ikiwa imelala, yaani 86, na hipsi 112.

Uzi mmoja uliochomolewa ndani ya mshono umechomwa kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi ikaacha jivu laini. Sufu hunuka nywele. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Huu ulinuka nywele na kuacha kishanga kidogo: mchanganyiko. Inafaa, ila pasi iwe ya wastani na kitambaa cha pamba katikati.

Harufu ya dawa ya nondo haiishi kwa manukato. Kikombe kimoja cha siki nyeupe kwenye ndoo ya maji, nusu saa, suuza, anika penye upepo. Bleza haikuloweshwa, kwani ugumu wa ndani ya kola ungeweza kubanduka. Imetundikwa kivulini siku tatu.

Wiki ya 5: Marekebisho

Suruali ilitakiwa kutoka 86 hadi 78. Fundi alitoa sentimita zote 8 kwenye mshono wa nyuma. Mifuko ya nyuma ikakaribiana hadi kubusiana, na mishono ya pembeni ikavutwa kuelekea makalioni. Imefumuliwa. Mara ya pili: 4 mshono wa nyuma, na 2 kwa kila mkunjo wa juu ya mifuko. Pembeni pamebaki wima. Zaidi ya 5 kwa mshono mmoja wa nyuma usikubali.

Bleza: mikono imefupishwa sentimita 3 kutoka kiganjani. Iliwezekana kwa sababu vifungo vyake ni vya urembo. Vingekuwa vinafunguka, mkono ungelazimika kupandishwa kutoka begani, na hiyo ni gharama ya bleza nyingine. Mito ya mabega iliondolewa yote ili ilegee. Bega likaanguka na mkunjo ukatokea mbele ya kwapa. Imerudishwa mito ya nusu unene. Bleza kubwa hulegea kiunoni na mgongoni, lakini bega linadai kitu cha kulishika. Mshono wake unaruhusiwa kushuka sentimita 2 hivi, ukizidi hapo inaonekana ya kuazima.

Zile 11 za kurekebishwa: nne zimeokolewa (zipu mbili, upindo mmoja, kiuno kimoja). Saba zimetolewa, kwa sababu kazi yake ingezidi bei ya nguo yenyewe.

Wiki ya 6: Kitenge na khanga, Mtaa wa Uhuru

Kitenge pisi moja ya yadi 6, karibu mita 5.5, upana kama sentimita 115. Geuza upande wa pili: wax halisi, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, ina rangi pande zote mbili karibu sawa. Sugua kona kati ya vidole. Unga mweupe ukidondoka, sehemu ya uzito unaouhisi ni wanga, nao utaondoka na ufuaji wa kwanza.

Mchoro una juu na chini? Hapa upo, ndege wote wanatazama upande mmoja. Kitambaa hakiwezi kugeuzwa wakati wa kupanga ruwaza, kwa hiyo mahesabu yameongezwa nusu yadi. Mgao: sketi yadi 2.5, blauzi 2, akiba 1.5 kwa kilemba na viraka.

Kabla ya kukata, kimepigwa alama za mita moja kwa urefu na kwa upana, kikaloweshwa usiku kucha, kikaanikwa kivulini. Urefu umerudi 96.5, upana 99. Gauni la sentimita 120 lingepoteza zaidi ya 4 baada ya kushonwa, na lawama zingemwendea fundi bure.

Chumvi haikutiwa. Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi kiwandani. Baada ya hapo haifungi kitu, na siki kwa pamba ni hivyo hivyo. Rangi inayochuja mwanzoni ni ziada iliyobaki juu ya nyuzi. Dawa yake ni maji baridi, peke yake kwenye beseni, kusuuza hadi maji yawe meupe. Ikiendelea kuchuja baada ya mara ya nne, kitambaa ni kibovu na kimeshindikana.

Khanga doti moja, kila kipande kama sentimita 150 kwa 110. Jina limesomwa kabla ya kulipa. Wapo wanaonunua kwa rangi, kisha wakajikuta wamemtembelea mama mkwe na mgongo unasema "Usisafirie nyota ya mwenzio".

Wiki ya 7

Foleni kwa fundi, harusi mbili mbele yetu. Limefanyika moja: vipimo vimeandikwa upya kwenye karatasi pamoja na mchoro wa mkono, urefu kwa namba, na neno AKIBA 2.5 kila mshono wa pembeni. Picha ya simu peke yake haitoshi. Fundi huona mshono, haoni kwamba aliye pichani ana urefu mwingine na kitambaa chake kinavutika.

Wiki ya 8: Kushona

Seti imekatwa na ndege wakitazama juu. Duara kubwa la mchoro halikuruhusiwa kuangukia kwenye kilele cha kifua, lilisogezwa begani. Sindano namba 90 kwa kitenge, 80 kwa khanga, hatua ya mshono milimita 2.5. Bitana ya sketi ni pamba nyepesi. Zile za poliesta zinazong'aa huteleza vizuri, lakini ndani yake ni oveni.

Sketi ikapita kwenye kioo, ikashindwa kwenye kiti. Ilitoka na hipsi 106, wakati karatasi ilisema 110. Fundi alipima tena kwa jicho lake na kuiamini futikamba ya kusimama. Akiba ikaokoa: sentimita 1 imetolewa kila upande wa mishono miwili, jumla 4. Akiba ingekuwa 1, kama wengi wanavyokata ili kubana kitambaa, sketi ingeishia kuwa mto. Matundu ya sindano ya mshono wa zamani yanaonekana kidogo. Yamepungua baada ya kunyunyiziwa maji na kupigwa pasi.

Shati la khanga lilitaka akili zaidi kuliko seti. Pindo liwe chini kuzunguka lote, na jina lisome mgongoni. Jina hukaa katikati ya upande mrefu, juu ya pindo. Ukikata mgongo na mbele kutoka kipande kimoja, jina linaangukia pembeni na kukatwa na mshono. Kwa hiyo kipande cha kwanza kimetoa mgongo, jina katikati. Cha pili kimetoa pande mbili za mbele na mikono. Jina la kipande cha pili limepasuliwa na vifungo na halisomeki, nalo hatulisikitikii: kuambiwa jambo hilo hilo mbele na nyuma ni kugombezwa.

Blauzi ya madoadoa na gauni la shati la kitani yamenunuliwa dukani, upindo tu umeguswa. Kitani kitajikunja, anayekivaa akubali, au asikinunue.

Wiki ya 9: Kuunganisha

Hesabu: 13 za zamani, 4 zilizookolewa, 7 mpya. Zile 14 zisizotosha na 16 zilizokaa tu hazimo. Kwa mgao: za juu 11, za chini 7, magauni 4, za kuvalia juu ya nguo 2.

Kwenye karatasi 11 kwa 7 ni 77. Mbele ya kioo yamesimama maungano 41. Yaliyoanguka mengi yameanguka kwa urefu, si kwa rangi: blauzi inayoishia pale pale penye upana wa hipsi hukata mwili vipande viwili sawa. Mbili kati ya hizo zimepunguzwa sentimita 5 na kuongeza maungano 6.

Kila ungano limepigwa picha mwili mzima, mtandio na kiatu vikiwemo, na kuwekwa kwenye albamu moja simuni. Mtandio wa chifoni unateleza juu ya bleza kabla ya saa nne asubuhi. Wa pamba unatulia. Viatu vimebaki jozi tatu: kobazi za ngozi, raba nyeupe, na cha sentimita 5. Kila suruali imeandikwa kwa ndani, kwa kalamu ya nguo, inavaa kiatu kipi.

Wiki ya 10: Viango

Viango 21 vimegeuka. Vitatu bado.

Gauni la sherehe: halikupata sherehe, linasubiri. Sketi ya bluu, moja ya zile nne zilizookolewa: zipu mpya inakwama kwenye bitana, inahitaji mshono wa mkono kuishika bitana milimita 5 mbali na meno ya zipu. Blauzi ya madoadoa: kola yake hufunga shingoni. Tenga lilikwisha sema wiki ya 1, na bado ilinunuliwa kwa sababu ya madoadoa. Kola itaondolewa na shingo kukatwa V, kina sentimita 14 kutoka bega. Ikibaki kwenye kiango mwezi mwingine, inatoka na nafasi yake haijazwi hadi Novemba, kabla foleni za Desemba hazijaanza kwa mafundi.